Asiyepiga Hodi

Kiinitete cha punda, kabla hakijaota mguu,
kabla hakijajua kichwa kitakaa wapi,
huzurura.
Siku ya kumi, ya kumi na moja, ya kumi na mbili,
hubingirika ndani ya mji wa mimba kama gololi ya maji,
pembe hii, pembe ile, ukuta hadi ukuta,
kikipiga hodi.
Mama asipoisikia hodi
mwili wake husema: nyumba tupu hii,
na siku chache baadaye anatafuta dume upya.

Haya nilimweleza Bi Somoe Litunu wa Mkunya
nikiwa nimevaa glavu hadi kwapani,
mkono wangu ndani ya punda wake, Posho.
Akacheka.
"Kumbe punda ana adabu kabla hajazaliwa."

Msimu wa tatu huu. Dume tulimwazima Kitangari
kwa madebe mawili ya korosho na maneno mengi.
Alipanda mara tatu, mashahidi watoto wa shule.
Kwenye kioo cha mashine: usiku.
Usiku wa kijivu, hauna gololi.

Safari hii sikungoja hodi.
Siku ya nane nililiosha tumbo kwa maji ya chumvi,
nikayachuja, nikateremka nayo hadi Naliendele,
chupa kifuani kama kifaranga mgonjwa.
Chini ya darubini nilikiona:
forosadi iliyonyauka.
Seli zilianza vizuri, mbili, nne, nane,
kisha zikasahau hesabu.

Nani kazisahaulisha?

Newala maji hayachotwi, yanangojwa.
Mvua hutoka batini, huingia shimoni,
na shimo la Bi Somoe limetandikwa turubai la plastiki,
la buluu, laini, la mnadani.
Alilisifu sana. "La kwanza lilikauka likapasuka.
Hili lina mafuta, lishike uone."
Nililishika. Kweli lina mafuta.
Ndiyo yanayoilainisha plastiki,
nayo hayakufungwa ndani yake kwa kamba wala gundi:
ni mpangaji tu. Jua likipanda anahama,
anaingia majini, toka majini anaingia mwilini,
anatafuta palipo na mafuta,
na yai, jamani, yai lina mafuta.

Nilitaka kuandika hivyo hivyo. Kalamu ikagoma.
Mrija niliooshea tumbo ni plastiki laini.
Mfuko wa maji ya chumvi, plastiki laini.
Glavu. Kisahani. Kizibo cha chupa.
Mgeni huyu kaingia kwa mlango gani,
turubai la Somoe au mikono yangu mimi?
Na punda mmoja si ushahidi.
Nikaandika: *sampuli haitoshi*,
maneno safi, yamenawa.

Nilipompelekea karatasi hakuuliza habari za punda.
Alikuwa anapepeta mchele. Alisema bila kuinua uso:
"Na Mwanaidi wangu, mimba mbili zimemharibikia,
naye si anakunywa humohumo?"
Nikasema sijui.
Nikasema tena, kwa sauti ndogo zaidi.
Ungo ukaendelea, chwa, chwa, chwa,
pumba zikitua kwenye viatu vyangu.

Jioni alitoa mtungi wa marehemu mama yake,
wa udongo, shingo imemeguka,
akaufuta utando wa buibui,
akaujaza maji ya bomba, yale ya zamu ya Jumatano,
akamimina kwenye sufuria, akamsogezea Posho.

Posho akanusa.
Akapuliza pua, matone yakaturukia sote wawili.
Akageuza shingo, akaenda zake shimoni
kunywa maji aliyoyazoea.